Vibandiko vya mgongoni vimenipa majibu mawili tofauti: niamini lipi?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34, nakata minofu ya sangara kiwandani hapa Mwanza. Mikono inawasha, inapasuka na kutoa maji, zaidi kwa juu ya mkono na kwenye kifundo pale glovu inapoishia. Mwaka jana nilibandikwa vibandiko mgongoni Jumatatu, vikatolewa Jumatano, na palepale nikaambiwa sina mzio wa kitu chochote. Mwaka huu shemeji yangu akanipeleka kupima Dar es Salaam. Huko waliniangalia mara tatu, ya mwisho ikiwa Jumatatu iliyofuata, na karatasi ikaandikwa thiuramu ++ na nikeli +. Lakini hereni na saa za bei rahisi nimevaa tangu utotoni, sijawahi kuwashwa. Jirani yangu wa maabara ananiambia niachane na vibandiko, nipime damu ndiyo inasema kweli. Nani alikosea, wa kwanza au wa pili? (Msomaji, Igoma, Mwanza)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Pole sana na mikono. Kushika kisu cha minofu kutwa nzima kwenye maji baridi huku ngozi imepasuka ni mateso, na aliyeumwa hivyo ana haki ya kupewa jibu linaloeleweka.

Nianze na damu, maana hapo unaweza kupoteza hela bure. Kipimo cha damu cha aleji kinatafuta kingamwili ziitwazo IgE, zile za mzio wa papo kwa papo: umekula kitu, baada ya dakika chache midomo imevimba. Mzio wa kugusa unaotokana na mpira, nikeli au rangi ya nywele hauendeshwi na hizo. Unaendeshwa na seli nyeupe za damu ziitwazo seli T, ambazo hukusanyika kwenye ngozi taratibu, siku mbili, tatu, wakati mwingine wiki nzima baada ya kugusa. IgE ikija safi haikuambii lolote kuhusu thiuramu, ile kemikali ya mpira iliyoandikwa kwenye karatasi yako. Usitoe hela huko kwa sababu hiyo. Kuna mahali pamoja ambapo IgE inaingia kwenye habari yako, nayo ni samaki wenyewe, nitafika huko.

Sasa swali lako hasa. Vibandiko havifanani na kipimo cha sukari, ambapo kitu kimeshakuwepo kwenye damu na mashine inakihesabu. Hapa tunauamsha ugonjwa wako kwa makusudi, kwa kiasi kidogo, mahali padogo, kisha mtu anaangalia kwa macho na kupapasa kwa vidole kama umeamka. Kwa hiyo jibu linatengenezwa na mambo mengi pamoja: dawa ya kupimia iliyowekwa, kiasi chake, imekaa muda gani, mgongo ulikuwa na hali gani siku hiyo, nani aliyesoma na alisoma lini. Ukibadilisha moja kati ya hayo, mtu yuleyule anaweza kutoka na karatasi nyingine. Watafiti wameshabandika dawa ileile kushoto na kulia kwa mtu mmoja, siku moja, na mara nyingine upande mmoja ukavimba na mwingine ukabaki kimya. Sikuambii hivyo ili uone kipimo hiki ni cha kubahatisha. Kimekuwepo tangu mwaka 1895, Josef Jadassohn alipokieleza mbele ya madaktari wenzake mjini Graz, Austria, baada ya kuona wagonjwa wakitoka ukurutu kutokana na dawa za zebaki, na mpaka leo hakuna kinachokizidi kwa kutafuta mzio wa kugusa. Nataka tu ujue kwamba karatasi yenye jibu lakini isiyosema jibu lilipatikanaje ni nusu ya jibu.

Kwako, tofauti kubwa kati ya kipimo cha kwanza na cha pili ni siku za kusoma. Vibandiko hukaa saa 48. Vikitolewa tunasubiri kati ya robo saa na saa moja ili alama za kubanwa na plasta zitulie, halafu tunasoma mara ya kwanza. Kusoma huku kwa siku ya pili ndiko kunakodanganya zaidi, na kunadanganya pande zote mbili. Ngozi iliyochubuliwa tu na dawa, bila mzio wowote, huwa nyekundu Jumatano hiyo na ikifika Ijumaa inaanza kufifia. Ngozi yenye mzio wa kweli inaweza kuwa kimya kabisa Jumatano, au na kidoa cha kutilia shaka, halafu Ijumaa ikavimba, ikawa ngumu chini ya kidole na kutoa vipele. Ndiyo maana usomaji unaobeba uzito ni wa siku ya tatu au ya nne, kisha tunarudia siku ya saba. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2015 unasema asiposomwa mtu siku ya saba, kati ya 7% na 30% ya mizio inaweza kupita bila kuonekana. Zinazochelewa zaidi ni metali, antibiotiki ya neomaisini, na krimu zenye steroidi.

Huko kwenu umesomwa mara moja, siku ambayo seli T huenda zilikuwa ndiyo kwanza zinakusanyika. Neno sahihi la kuandika lilikuwa "siku ya pili hakuna kilichoonekana", wala si "hana mzio". Na hapa niseme jambo linalonigusa, kwa sababu linawaumiza watu wa Kanda ya Ziwa kuliko wa miji mingine. Mgonjwa anatoka Nansio kwa meli, au anatoka Sengerema na kuvuka, anabandikwa Jumatatu, anatolewa Jumatano. Kumwambia arudi Ijumaa na tena Jumatatu ijayo ni kumwambia alipe nauli mara nyingine mbili, alale kwa ndugu, na kibarua kipotee. Wengi hawarudi, na wengine hawaambiwi kabisa kwamba walipaswa kurudi. Kwangu, heri kumwahirisha mtu mpaka apate wiki nzima ya kukaa mjini kuliko kumpima nusu na kumpa karatasi atakayoiamini miaka kumi. Wapo wanaotuma picha ya mgongo kwa simu. Inasaidia kidogo, ila simu haipapasi, na nitaeleza kwa nini kupapasa ni muhimu.

Lakini kwanza kiasi cha dawa. Kila kibandiko kina visahani vidogo vya kushikia dawa; kisahani cha aluminiamu kinachotumika sana kina upana wa milimita 8, yaani kinafunika karibu nusu sentimita mraba ya ngozi. Dawa iliyochanganywa kwenye mafuta ya mgando inatakiwa iwe miligramu 20, mstari mfupi unaokaa katikati ya kisahani na kutandazika vizuri kinapobanwa mgongoni bila kumwagikia pembeni. Muuguzi mwenye haraka anaweza kuweka nusu yake asijue. Chukua nikeli ya 5%: katika miligramu 20 kuna miligramu moja ya chumvi ya nikeli, sawa na miligramu mbili kwa kila sentimita mraba. Weka miligramu 10, ngozi inapata nusu ya dozi, na mtu mwenye mzio hafifu anapita bila kugundulika. Jaza kupita kiasi, dawa inavuja, inachubua pembeni na kuchafua jirani yake. Ngozi inajibu kiasi kilichoigusa kwenye eneo, haijui asilimia iliyoandikwa kwenye bomba.

Hata asilimia zenyewe si za dunia nzima. Ulaya nikeli hupimwa kwa 5%, Marekani kwa 2.5%. Kromati, ile ya kwenye saruji inayowasumbua mafundi ujenzi, Ulaya ni 0.5% na Marekani ni 0.25%. Formaldehaidi, kemikali ya kuzuia vitu visioze, Ulaya waliipandisha kutoka 1% hadi 2% baada ya kuona wanakosa wagonjwa. Ukipandisha unawapata wenye mzio hafifu, lakini unaongeza pia waliochubuliwa tu ambao wataandikwa kimakosa kuwa na mzio. Hakuna namba isiyo na gharama, kwa hiyo karatasi inapaswa kutaja dawa, asilimia yake, na imechanganywa na maji au na mafuta.

Utunzaji nao una neno. Dawa hizi zinatakiwa zikae kwenye friji, na umeme ukikatika kwa muda mrefu mafuta hulainika, chembe za dawa zikatulia chini. Manukato na kemikali za kucha za bandia huruka hewani. Visahani vilivyojazwa siku nyingi kabla mgonjwa hajafika vinaweza kuwa vimebaki na mafuta matupu. Vipo vibandiko vinavyotoka kiwandani vikiwa vimekwisha kupakwa kwa vipimo, na hivyo vinaondoa makosa ya mkono, ila orodha yake ni ileile kwa kila mtu. Kama kinachokuumiza hakimo, kitanyamaza kwa uaminifu kabisa.

Joto la kwetu ni mtihani mwingine. Plasta iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi, ukiibandika mgongo wa mtu anayebeba kreti za samaki, jasho linaing'oa usiku wa kwanza. Kisahani kilichonyanyuka upande mmoja hakijapima kitu, na jasho likichanganya dawa ya huku na ya kule hujui kidoa ni cha nani. Kalamu ya alama nayo huoshwa na jasho, na bila alama Ijumaa hakuna anayejua namba 14 ilikuwa wapi. Kumbuka vizuri: mwaka jana uliendelea na kazi kati ya Jumatatu na Jumatano? Uliuosha mgongo? Vibandiko vilikuwa vimekaa vyote vilipotolewa? Kama kimoja kilining'inia, mwambie daktari hata sasa.

Sasa naomba tuongee kwa uwazi na bila kuoneana aibu, maana hapa ndipo vipimo vingi hukosa mwelekeo. Krimu za kung'arisha ngozi, mkorogo, nyingi zina klobetasoli au steroidi nyingine kali, hata kama boksi halisemi. Steroidi huzituliza seli T zilezile tunazotaka zijitokeze. Mwanamke akipaka mkorogo mwili mzima asubuhi na jioni, halafu tukambandika mgongoni, tunapima ngozi iliyolazwa. Anatakiwa aache kupaka mgongo angalau siku saba kabla, na kwa aliyetumia muda mrefu mimi huongeza. Hali ni hiyohiyo kwa vidonge vya prednisoloni: zaidi ya miligramu 20 kwa siku, bora kipimo kisubiri. Sindano za aleji wanazochomwa watu kwenye zahanati mara nyingi ni steroidi, na baadhi hukaa mwilini wiki kadhaa, na mgonjwa hutaja tu "nilichomwa sindano ya kuwasha", basi. Taja hata hiyo. Mgongo uliopigwa na jua kali nao hupunguza majibu, jambo la kuzingatiwa na wavuvi wanaoshinda ziwani bila shati. Vidonge vya kuwasha kama setirizini havina shida kubwa kwenye kipimo hiki. Usijitese kwa kuviacha.

Kuhusu kupapasa. Vitabu vingi vya vibandiko vina picha za migongo ya Wazungu, ambako mzio ni kiraka chekundu kinachoonekana kutoka mlangoni. Kwenye ngozi yetu wekundu hujificha. Mara nyingi unaona weusi uliozidi kidogo, au rangi ya zambarau, au huoni kitu. Mimi humketisha mgonjwa dirishani mwanga uje kutoka ubavuni, si kutoka mbele, ili mwinuko utupe kivuli. Kisha nafumba macho na kupitisha ncha ya kidole taratibu kwenye kila mraba. Penye mzio kidole kinakutana na kitu kinene kilichoinuka, chenye vipele vidogo, na mara nyingi kinafika mpaka nje kidogo ya duara la kisahani. Penye kuchubuka kinakutana na ngozi kavu, nyembamba kama karatasi, iliyokatika sawasawa kwenye ukingo wa duara. Alama + maana yake ni uvimbe unaopapasika na wekundu, labda na vipele. ++ Imeongezeka malengelenge madogo. +++ Malengelenge yameungana. Anayetafuta wekundu peke yake kwenye mgongo wako ataandika sifuri pale pasipostahili sifuri.

Nimesema hayo yote ili tuisome karatasi yako ya pili kwa haki. Thiuramu ++ naiamini. Imesomwa mara tatu, ina nguvu, na inafanana na habari ya mikono yako: ukurutu unaoishia pale glovu inapoishia ni picha ya mpira. Thiuramu ni kemikali za kuharakisha mpira kukomaa kiwandani, na hubaki ndani ya glovu, zikitoka taratibu ngozi ikiloa jasho.

Nikeli + siiamini hivyo hivyo. Nikeli ni kati ya dawa zinazopenda kutoa vipele vya kwenye vinyweleo, hata vyenye usaha, ambavyo si mzio, na vinafanana na + kwa asiyezoea. Tena mgongo ambao mahali pamoja umewaka sana, au mtu ambaye mikono yake ina ukurutu mkali wakati wa kipimo, huwa mwepesi kuitikia hata visivyomhusu. Madaktari tunauita mgongo wenye hasira. Na wewe umevaa hereni za bei rahisi miaka yote bila kuwashwa, ushahidi ambao daktari anapaswa kuupa uzito. Usizitupe hereni zako bado. Mikono ikitulia, omba nikeli ibandikwe peke yake, mbali na thiuramu, isomwe tena siku ya nne na ya saba. Ikirudi, tutajua una mzio nayo. Na hata hapo litabaki swali kama visu vya chuma cha pua vya kiwandani vinatoa nikeli ya kutosha kukuumiza, na kwa kawaida hutoa kidogo sana.

Sasa samaki, ambaye hakuna karatasi iliyomtaja. Mwaka 1976 huko Denmark walieleza ukurutu wa mikono kwa wafanyakazi wa jikoni walioshika samaki, nyama na mboga mbichi, na tangu hapo unaonekana kila mahali panaposindikwa samaki. Mhusika ni protini. Kwa sababu molekuli zake ni kubwa, hazipenyi vizuri ngozi nzima ya mgongoni, kwa hiyo vibandiko vyake huja sifuri kwa wengi wenye tatizo hilo, wakati mikononi ngozi imeshapasuka na mlango uko wazi. Kipimo chake ni cha kudonoa: tone au kipande cha samaki mbichi mkononi, sindano ndogo inadonoa juu juu, na jibu linasomwa ndani ya dakika 15 hadi 20. Hapa ndipo IgE inapohusika. Kifanyike hospitali yenye adrenalini, sindano ya dharura ya mzio mkali, mezani, si mtaani. Jiulize: ukishika sangara bila glovu, mkono unaanza kuwasha ndani ya nusu saa? Kama ndiyo, kipimo hiki ndicho unachokikosa, na unaweza kuwa na yote mawili, mpira na samaki.

Ukienda tena kwa daktari wa ngozi, iwe hospitali ya Bugando au kwingine, beba glovu unazotumia kazini, ya ndani na ya nje. Kipande cha sentimita mbili kilicholoweshwa maji kinaweza kubandikwa mgongoni pamoja na dawa nyingine, upande wa ndani na wa nje, na wakati mwingine kinasema kile ambacho dawa ya bomba haikusema. Beba karatasi zote mbili na uulize asilimia na siku za kusoma kama hazikuandikwa. Ila nakusihi, wewe na wasomaji wengine, msijibandikie vitu nyumbani. Maji ya klorini, sabuni ya kusafishia meza, saruji mbichi, gundi, ukivifunika kwa plasta siku mbili vinaunguza ngozi ya mtu yeyote, na kidonda hicho si jibu la mzio. Rangi ya piko ndiyo mbaya zaidi: kemikali yake inayoandikwa PPD inaweza kukuanzishia mzio ambao hukuwa nao.

Wakati unasubiri, omba glovu za vinili, ambazo hazina kemikali hizo za mpira, au za nitrili zilizoandikwa kwamba hazina viharakishi. Nitrili ya kawaida inaweza kuwa nazo, usidanganyike na rangi ya bluu. Glovu ya pamba ya ndani inapunguza jasho lakini haitoshi kama ya nje ni ileile ya zamani. Paka mafuta ya mgando kila unaponawa. Na mwombe daktari aandike kwa maneno, si kwa alama tu, kwamba ukurutu huu unahusiana na glovu za kazini, kwa sababu ugonjwa unaotokana na kazi unaweza kudaiwa fidia WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mwajiri akiona maandishi hayo inakuwa rahisi kukubadilishia glovu kabla hajafikiria kukubadilishia kazi.